Mama alipomtunza mpiga mtungi

Noti ya rupia mia tulikuwa nayo moja tu. Niliikunja, nikaichomeka ndani ya pasipoti ya mama, na pasipoti nikaitia katika mkoba wake. Hapo ndipo nilipokosea.

Ilikuwa nauli ya kurudia. Chennai ya Desemba 2016 noti ya mia haikuwa mchezo. Usiku wa tarehe 8 Novemba serikali ya India ilitangaza kwamba noti za 500 na za 1,000 zimekufa, na sisi wageni tukaruhusiwa kubadilisha fedha zetu hadi rupia 5,000 tu kwa wiki. Ukishapanga foleni na kubahatika, unakabidhiwa zile noti mpya za 2,000, nyekundu-waridi, ambazo muuza ndizi akiziona anageuza uso. Chenji hakuna. Pesa ilikuwa mia.

Tulimpeleka mama kutibiwa moyo. Valvu moja ilikuwa haifungi sawasawa. Madaktari wakasema sukari ishuke kwanza ndipo wampasue, basi tukaingia wiki ya pili katika nyumba ya wageni mtaa wa Thousand Lights, Wabengali upande huu, Waomani upande ule, kila mtu na bahasha yake ya picha za eksirei. Kimbunga Vardah kilikuwa kimepiga mji tarehe 12, na barabarani miti mikubwa ilikuwa ingali imelala, mizizi juu. Mama alishinda dirishani akiitazama. "Mti mzima huo umeanguka," akaniambia siku moja, "na mimi ndiyo wataka kunipasua."

Mwenye nyumba ndiye aliyetushauri tutoke. Huu ni mwezi wa Margazhi, akasema, toka katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari, na kumbi za mji zinaimba kutwa. Jambo hili lina umri: mwaka 1927 chama cha Congress kilifanya mkutano wake hapo, enzi mji ukiitwa Madras, na pembeni kukawa na mkutano wa muziki, mwaka uliofuata ikazaliwa Madras Music Academy, na mpaka leo Desemba ndiyo Desemba. Jioni huimba wenye majina, na tiketi ni vita. Mchana huimba vijana, na kumbi nyingi mlango huwa wa bure. Mama aliposikia "bure" na "nyimbo za Kihindi" akaitisha buibui lake.

Maana mama alidhani Kihindi anakijua. Mtu wa rika lake, mzaliwa wa Mombasa, aliyekulia sinema za Bombay na taarab ya Juma Bhalo, ambaye tuni za filamu hizo alizivika maneno ya Kiswahili, humwambii kitu. Isitoshe marehemu baba alikuwa mpiga fidla kwenye taarab za harusi. Nyumbani kwetu fidla ilitundikwa mahali ambapo wengine hutundika saa.

Ukumbi ulikuwa mtaa wa Mylapore, mdogo, viti vya plastiki, mapangaboi yanazunguka kwa kelele. Wengi walikuwa wazee. Wanawake sari za hariri, jasmini kichwani. Harufu ya jasmini ilichanganyika na ya kahawa kutoka kantini ya nyuma. Tuliketi safu ya nne, kando ya bibi mmoja mwenye miwani minene, ambaye alimkaribisha mama kwa "Amma, Amma". Mama akafurahi mno. Alidhani anaitwa mama kwa Kiswahili kibovu, kumbe ni Kitamil safi, na maana ni hiyohiyo.

Mpiga ngoma alikuwa bado anatengeneza. Ngoma yao, mridangamu, ni gogo la mfenesi lililotobolewa, lina ngozi pande zote mbili. Upande wa kulia una duara jeusi, mfano wa jicho. Upande wa kushoto akaubandika donge la unga wa ngano uliolowa maji, akaligandamiza kwa kidole gumba mpaka likawa kama kitumbua kisichoiva. Akapiga. Akaongeza kidogo. Akapiga tena, sauti ikashuka chini kwa mguno. Kisha akachukua jiwe na kijiti akawa anagonga ukingo, tak, tak, sikio karibu na ngozi. "Kwetu twaziotesha moto," mama akanong'ona, "hawa wazilisha unga."

Mwimbaji alikuwa binti, labda wa miaka ishirini na mitano. Kushoto kwake fidla, kulia mridangamu, nyuma kidogo kijana mwembamba aliyekumbatia mtungi. Mtungi hasa, wa udongo, wa maji, mdomo wake ameuelekeza tumboni. Mama akanifinya paja. "Ule atapiga ule?" Na fidla nayo mpigaji hakuiweka kidevuni. Alikaa chini, miguu kaikunja, kitako cha fidla kifuani na kichwa chake kimeegemea kifundo cha mguu wa kulia, mkono wa kushoto uko huru kuteleza juu na chini. Chombo cha Kizungu kile, kiliingia muziki huu mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa kuwa alikiingiza ni Baluswami Dikshitar. Lakini ukimwona mtu amekaa nacho vile huwezi kuamini kwamba kilipata kupigwa kwa kusimama.

Nyimbo mbili za mwanzo zilikwenda mbio, mama akatikisa kichwa kwa adabu. Akaniuliza wanaimba nini. Nikamwambia ni sifa za miungu wao. "Amsifuye ni shauri yake," akasema. "Mimi nasikiza koo."

Ya tatu ndiyo iliyomshinda. Binti akafumba macho akaanza na "aaa", akapanda kidogo, akarudi, akapanda tena. Maneno hakuna. Ngoma kimya. Dakika tano, dakika kumi. Fidla inamfuata nyuma, kila anapotua nayo inatua, kama mtoto anayekanyaga nyayo za babake mchangani.

"Huyu yuwatafuta sauti bado?" mama akauliza, na kunong'ona kwake si kunong'ona.

Bibi wa miwani akainama akanieleza kwa Kiingereza kwamba huko ndiko kuimba kwenyewe. Anaionyesha raga kwanza, yaani mpango wa sauti za wimbo, kipande kwa kipande. Maneno yatakuja, na yakija yatakuwa machache. Nikatafsiri. Mama akanyamaza, nikajua amechoka, nikaanza kupiga hesabu ya kuondoka bila kuwakera watu. Nilipomgeukia nikaona midomo yake inacheza.

"Hii naijua," akasema. "Babako akiipiga hii."

Nikamwambia haiwezekani. Miezi baadaye, nikiwa nyumbani, ndipo nilipofuatilia. Raga ile huitwa Mayamalavagowla, ndiyo wanayoanzia watoto wa Kusini mwa India wakipelekwa kujifunza kuimba, na sauti zake saba ndizo za hijazkari, moja ya makamu, yaani raga za Waarabu, tunayoipata sisi katika taarab kutoka kwao. Mama jina la makamu hata moja halijui. Alisikia tu, na sikio lake lilikuwa sahihi kuliko langu.

Maneno yalipoanza, bibi akamshika mama mkono akaufungua juu ya paja. Kila mtu ukumbini alikuwa anafanya hivyo, mikono inainuka na kushuka pamoja. Piga kiganja. Kidole cha mwisho, cha pete, cha kati. Piga, geuza kiganja juu. Piga, geuza. Nane, halafu unarudi mwanzo. Mama alikosea mara tatu au nne, bibi akacheka na kumrudisha, wanawake wawili wasio na hata neno moja la pamoja ila lile la Amma. Baadaye mwimbaji akaacha maneno akawa anaimba majina ya sauti zenyewe, sa ri ga ma, fidla inamjibu, zamu zinazidi kufupishwa, na mkono wa mama haukupotea tena.

Kisha binti akanyamaza akawaachia wapiga ngoma uwanja. Na hapo nusu ya ukumbi ikainuka. Watu walikwenda kantini. Nimesikia baadaye kwamba ni tabia inayolalamikiwa kila mwaka, na kila mwaka watu huinuka vilevile.

"Waenda wapi hawa?" mama akang'aka. "Mtu ndiyo kwanza apewa zamu yake!"

Mridangamu ulikuwa unauliza na mtungi unajibu. Yule kijana alipiga shingo ya mtungi kwa pete, akapiga tumbo kwa kiganja, akausogeza mdomo wa mtungi mbali na ngozi yake na kuurudisha, na udongo ukatoa sauti nzito kama wimbi linaloingia chini ya ngazi za forodhani. Nilizama humo kwa dakika nzima. Nilipogeuka kiti cha mama kilikuwa kitupu.

Watu walikuwa wanaelekea mlangoni. Buibui jeusi lilikuwa linaelekea jukwaani. Alikwenda taratibu, kwa mwendo wa mgonjwa wa moyo, mkoba ubavuni. Yeye hukana mpaka leo, asema alikwenda kutazama tu, lakini mimi niliona. Alifungua pasipoti, akaikunjua noti, akaipunga hewani mara mbili kama afanyavyo mtu harusini, akaiweka ukingoni mwa jukwaa mbele ya magoti ya mpiga mtungi.

Nilitamani sakafu inimeze. Safu ya mbele wazee wawili walitazamana. Binti akaziba mdomo. Kijana hakusimamisha mkono. Alingoja mpaka zamu ikarudi kwa mridangamu, akaiokota noti, akaigusisha macho yake yote mawili, akaiteleza chini ya kitambaa alichokuwa ameuwekea mtungi. Halafu zamu yake ilipofika akapiga akimtazama mama.

"Sasa hapo," mama akasema alipokaa, anahema, "ndipo amepiga."

Nje hapakuwa na dereva wa otoriksho aliyetaka kuiona noti yetu ya 2,000. Wa nne alikubali kutupeleka kwa ahadi, mwenye nyumba akamlipa, na mwisho wa wiki nikaikuta nauli hiyo katika hesabu ya chumba. Njia nzima nilimgombeza. Sijui kama alisikia.

Siku ya upasuaji muuguzi alikuja alfajiri kumwekea sindano ya mshipa. Akafunga mpira mkononi, akapapasa, akakosa, akapapasa tena, kwa sababu mkono haukutulia. Ulikuwa umelala juu ya paja. Kiganja, kidole cha mwisho, cha pete, cha kati.

"Amma, mkono," muuguzi akasema.

Mama hakufumbua macho. "Mwambie angoje," akaniambia. "Zimebaki nne."