Mwaka wa riwaya za upelelezi Tanga: changamoto zilizofaa na zisizofaa

Changamoto ya kusoma riwaya za upelelezi kwa kuhesabu vitabu, yaani kujipangia idadi ya kumaliza kwa mwaka, ina kasoro moja kubwa: inamfanya msomaji akimbilie mwisho. Riwaya ya mapenzi au ya maisha unaweza kuisoma mbio na bado ukabaki na wahusika wake. Ya upelelezi ukiisoma mbio unaambulia jina la muuaji, na jina peke yake halina utamu. Utamu uko kurasa za katikati, pale mwandishi anapoiweka dalili mbele ya macho yako na wewe ukaipita. Kwa hiyo changamoto zote za mwaka uliokwisha hapa Tanga nazipima kwa swali moja: ilimlazimisha msomaji apeleleze, au afunue kurasa tu?

Iliyozishinda zote ni ile ya kusimama kabla ya ufumbuzi. Wazo lenyewe ni la zamani. Ellery Queen, jina la kalamu la binamu wawili wa Marekani, Frederic Dannay na Manfred Lee, alianza na The Roman Hat Mystery mwaka 1929, na humo aliweka mahali pa kumwambia msomaji kwamba dalili zote anazo, ajaribu mwenyewe kabla ya kuendelea. Waandishi wetu wa Kiswahili hawana desturi hiyo, basi inabidi kizuizi tukiweke wenyewe.

Kinawekwa hivi. Atafutwe mtu mmoja aliyekwisha kukisoma kitabu, awe mshika ufunguo. Yeye anatafuta sura ambamo mpelelezi anaacha kuuliza na kuanza kueleza, kisha anarudi nyuma hadi mwisho wa sura iliyotangulia na kuzibana kurasa zote zilizobaki kwa vibanio viwili vya karatasi, kimoja juu na kimoja chini. Kimoja hakitoshi, maana kurasa hufunguka upande wa pili na jicho halina pazia. Msomaji akifika kwenye vibanio anachukua karatasi na kujibu mambo manne: nani amefanya, kwa njia gani, kwa sababu gani, na dalili zipi zimemfikisha hapo. Karatasi inakunjwa, inakabidhiwa, ndipo vibanio vinatolewa.

Kwenye alama ndipo watu wengi wanapokosea. Wanampa alama nyingi aliyemtaja muuaji. Kitabu kikiwa na watuhumiwa watano, anayeokota jina bila kufikiri ana nafasi moja kati ya tano ya kupatia. Hiyo ni bahati, si upelelezi. Mgawanyo unaoleta haki ni alama 2 kwa jina, 3 kwa njia, 2 kwa sababu, na 3 kwa dalili, moja kwa kila dalili inayotajwa pamoja na sura yake. Mtu aliyekosea jina lakini akaziona dalili tatu anaweza kumpita aliyebahatisha, na ndivyo inavyotakiwa.

Nimesema sura, sikusema ukurasa. Vitabu hivi vimechapishwa zaidi ya mara moja, na toleo jipya huwa na herufi na nafasi tofauti, hivyo ukurasa wa 60 wa nakala moja si wa 60 wa nyingine. Wawili wakibishana juu ya dalili wakiwa na matoleo tofauti, jioni nzima inakwisha kwa kutafutana. Jambo jingine la kuangalia ni utangulizi na maandishi ya jaladi la nyuma. Matoleo yaliyoandaliwa kwa ajili ya wanafunzi mara nyingi yana maelezo ya dhamira mbele kabisa, na maelezo ya dhamira humwaga siri yote. Mshika ufunguo abane na hizo kurasa pia.

Baada ya kizuizi, jambo lililoleta tofauti kubwa ni daftari. Kaunta buku ya kwaya mbili inatosha mwaka mzima. Kila kurasa mbili zinazotazamana zinapigwa mistari ya safu tano: sura, mtu, alikuwa wapi na saa ngapi, nani kasema, na nani mwingine amethibitisha. Safu ya mwisho ndiyo yenye thamani. Ukifika katikati ya kitabu, itazame tu: palipo patupu ndipo panapostahili kurudiwa, kwa sababu kauli isiyothibitishwa na mtu wa pili ndiyo mlango ambao mwandishi amejiachia.

Riwaya ya Kiswahili ina mtego wake hapa, na anayetumia daftari la kuiga kutoka riwaya za Kiingereza atanaswa. Mtu mmoja kwetu ana majina mengi. Ni Bwana fulani kwa wapangaji wake, baba fulani kwa jirani, ana jina la utani kijiweni, na mkewe anamwita vingine kabisa. Ukiandika kila jina katika mstari wake, utajikuta na watuhumiwa wanane kumbe wapo watano. Tenga ukurasa mmoja wa majina tu mwishoni mwa daftari, na kila jina jipya likitajwa liulizwe kwanza: huyu si yule?

Saa nazo. Ukisoma Agatha Christie, yale majedwali ya nani alionekana saa ngapi yabadilishe kwenda saa zetu tangu mwanzo. Nine thirty usiku iandike saa tatu na nusu usiku, usingoje. Anayechanganya mifumo miwili katika daftari moja hukosea kwa saa sita kamili, na kosa hilo humtoa hatiani mtu mwenye hatia. Kwenye riwaya za pwani, mashahidi husema "baada ya alasiri" au "kabla ya isha", na wasomaji wengi huiacha kauli hiyo wakiiona haina uzito. Ina uzito sana. Huku kwetu, karibu na ikweta, saa ya jua kuzama haitofautiani hata kwa saa moja mwaka mzima, na kati ya magharibi na isha kuna zaidi kidogo ya saa moja. Shahidi aliyemwona mtu akitoka msikitini baada ya magharibi, na mwingine aliyemkuta nyumbani kabla ya adhana ya isha, wamekupa kipindi kinachopimika. Kiandike kama ambavyo ungeandika saa ya ukutani.

Daftari hili lilionyesha faida yake zaidi ya yote katika changamoto ya kumsoma mwandishi mmoja kwa mfuatano wa kuchapishwa. Aliyechaguliwa alikuwa Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar, na sioni nani mwingine angeweza kutangulia. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957 hadi 1958 lililoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Ukizisoma kwa mpangilio huo unaona fumbo linavyohama. Mwanzoni kuna maiti na swali la nani ameua. Kadiri miaka inavyokwenda, swali linageuka kuwa nani ni mtoto wa nani, nani alimwoa nani, nani amefichwa asili yake. Kwa vitabu hivyo vya baadaye, safu ya "alikuwa wapi" haikusaidii sana. Chora mti wa ukoo, acha nafasi tupu kwa kila mzazi asiyetajwa, na andika umri wa kila mtu popote unapopatikana, hata kwa kukisia kutokana na tukio. Nafasi tupu mbili zikikaribiana kwa umri, hapo ndipo pa kuchimba.

Mfuatano una ugumu wake mmoja: nakala moja ikikosekana, msafara wote unasimama. Wasomaji waliosubiri kitabu kimoja walipoteza ari. Ni afadhali kukusanya vyote kwanza, maktaba ya mkoa, kwa watu, na kwa wauza vitabu, ndipo tarehe ya kuanza itangazwe.

Changamoto ya herufi, ya kusoma kitabu kimoja kwa kila herufi ya alfabeti, haikufaa, na sababu iko katika lugha yenyewe. Kiswahili hakina Q wala X, hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba viambishi vya ngeli huvuta majina ya vitabu kwenye herufi chache. M inajaa mara moja: Mzimu, Mke, Mwana, kisha Malaika wa Shetani na Mikononi mwa Nunda za Ben Mtobwa. K hali kadhalika: Kisima, Kosa, Kufa na Kupona, Kikosi cha Kisasi, Kitanzi. Huku herufi nyingine zinabaki wazi na watu wanaanza kusoma chochote ili kuziba pengo. Anayependa mpangilio wa namna hiyo agawe kwa aina ya fumbo: chumba kilichofungwa, sumu, mtu aliyepotea, barua au simu ya vitisho, mirathi, na utambulisho wa uongo. Makundi sita, miezi miwili kila moja, na hakuna herufi ya kuokoteza.

Ile ya sheria za Ronald Knox niliipenda kuliko nilivyotarajia. Knox, padri wa Uingereza, aliandika mwaka 1929 sheria kumi za riwaya ya fumbo: mhalifu atajwe mapema, nguvu za kimuujiza zisitumike, mlango wa siri usizidi mmoja, sumu isiyojulikana isiletwe, mpelelezi asiwe mhalifu, dalili zisifichwe, na nyinginezo. Moja inawahusu Wachina na ni ubaguzi mtupu, iachwe nje. Zilizobaki ziandikwe kwenye kadi, na msomaji aweke alama kila sheria inapovunjwa. Kwenye vitabu vya Bwana Msa, mpelelezi wa Abdulla, sheria ya miujiza ndiyo inayozaa mjadala mzito. Jina la kitabu linakuambia mzimu, jingine linakutajia Giningi ambako wachawi husemekana kukutana, na watu ndani ya hadithi wanaamini. Bwana Msa na kiko chake haamini. Kwa hiyo imani ya watu inakuwa pazia ambalo binadamu anaweza kujificha nyuma yake, na sheria inabaki salama. Msomaji anayeandika katika daftari lake "kazi ya mzimu" amenaswa pamoja na wanakijiji. Knox alitaka pia mwenza wa mpelelezi awe na akili chini kidogo tu ya msomaji wa kawaida. Mfuatilie Najum, mwenza wa Bwana Msa, kwa kipimo hicho: pale anaposhangaa jambo ambalo wewe ulikwisha kuliona, uko vizuri, anapolielewa kabla yako, rudi sura moja nyuma.

Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa wasipimwe kwa vibanio. Hizo ni hadithi za kijasusi na za mapambano, na mara nyingi unajua adui yuko upande gani mapema. Mvuto ni atanaswaje. Ukizisimamisha kabla ya mwisho unaziua bure. Zinafaa sana safarini. Basi la kwenda Dar es Salaam lina mtikisiko na kelele za video, hakuna mti wa ukoo unaochoreka kati ya Segera na Chalinze, ila Joram Kiango anasomeka vizuri tu.

Sasa vitabu vyenyewe, kwa sababu vingi ni vya zamani na vinapatikana kwa wanaotandaza vitabu vilivyotumika. Riwaya ya upelelezi isiyo na kurasa za mwisho ni hasara tupu, kwa hiyo kagua kabla ya kulipa. Kitabu kilichoshonwa hukusanywa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, na likichomoka huchomoka fungu zima: unatoka ukurasa wa 144 unajikuta 161. Wakati mwingine ni kosa la mtambo, fungu limeingia mara mbili, na baada ya 128 unakutana tena na 97. Kilichobandikwa kwa gundi hupoteza kurasa moja moja, hasa za mwanzo na za mwisho. Ili usijiharibie fumbo, funika maandishi kwa kiganja, acha namba za kurasa tu zionekane, na pitisha kurasa kutoka nyuma kwenda mbele.

Hewa ya bahari na masika humaliza kazi iliyobaki. Kitabu kilicholowa kisianikwe juani. Jaladi hupinda na gundi hukauka ikakatika. Kisimamishe kivulini kurasa zikiwa zimeachana, upepo wa feni ukipita pembeni. Ukungu ukiota, subiri ukauke kabisa, kisha upanguse nje ya nyumba kwa brashi kavu, maana kitambaa chenye maji huusambaza. Mfuko wa nailoni uliofungwa kwa nguvu hufungia unyevu ndani. Rafu ikae mbali kidogo na ukuta na juu ya sakafu, kwa ajili ya mchwa.

Kwa mwaka huu mfuatano ninaoupendekeza unaanza na Simu ya Kifo ya Katalambulla ya 1965, kabla ya kurudi Unguja kwa Bwana Msa. Inspekta Wingo ni askari anayefuata kesi ya kipolisi, na daftari la safu tano linazoeleka upesi zaidi kwake kuliko kwenye nasaba. Nakala za kuazima zote zirudi kwa wenyewe kabla ya mwisho wa Machi, masika hayajakolea.