Misalaba Mitatu Katika Filamu

Somo: Luka 23:33–56

Wapendwa katika Bwana,

Kila Kwaresima inapoelekea ukingoni, televisheni na simu zetu hujaa filamu za mateso ya Yesu, na familia nyingi hukaa pamoja jioni ya Ijumaa Kuu kuzitazama. Ni desturi njema, wala sina nia ya kuikataza. Katika vijiji vyetu wapo watu waliolisikia jina la Kristo kwa mara ya kwanza mbele ya shuka jeupe lililotundikwa ukutani, jenereta likinguruma pembeni, ilipooneshwa ile Filamu ya Yesu ya mwaka 1979, iliyofuata Injili ya Luka na kutiwa sauti katika lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwamo. Kwa hilo tunamshukuru Mungu. Hata hivyo, tunapotazama, yafaa tujiulize kamera inaona nini pale Golgotha, na ni nini inachoshindwa kukiona.

Luka anasimulia kusulibiwa kwenyewe kwa maneno machache mno: “Na walipofika mahali paitwapo Fuvu la Kichwa, ndipo walipomsulibisha yeye, na wale wahalifu, mmoja upande wa kuume, na mmoja upande wa kushoto.” Hapo hataji nyundo wala misumari, wala hasemi Yesu aliumia kiasi gani. Yohana naye amelimaliza jambo la mijeledi kwa mstari mmoja tu (Yohana 19:1). Watu wa kwanza kusikia Injili hawakuhitaji kuelezwa zaidi, kwa maana msalaba waliujua. Mwaka 71 kabla ya Kristo, baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus kuzimwa, Warumi waliwasulibisha watumwa wapatao 6,000 kando ya barabara ya Appia, kutoka Capua hadi Roma, ili kila apitaye ajionee na kuogopa.

Mtengenezaji wa filamu hawezi kupita haraka kama Luka, kwa kuwa kazi yake ni kuonesha. Filamu ya Mel Gibson, The Passion of the Christ, iliyoanza kuoneshwa Jumatano ya Majivu mwaka 2004, ilichukua mstari ule mmoja wa Yohana ikaugeuza kuwa dakika nyingi za mijeledi, ngozi ikichanika, askari wakihema kwa uchovu. Kwa maoni yangu filamu hiyo imevuka pale ambapo Maandiko yenyewe yamenyamaza, na ninaamini ukimya wa Maandiko una sababu yake. Lakini ndani ya filamu hiyohiyo lipo jambo linalonigusa kila mara: baada ya askari kumwondoa Yesu, Mariamu anapiga magoti juu ya mawe ya ua ule na kuifuta damu ya mwanawe kwa vitambaa vyeupe alivyopewa na mke wa Pilato, polepole, kama mama asiyetaka hata tone moja likanyagwe. Tukio hilo halimo katika Injili yoyote; linatoka katika maono yanayosimuliwa kuwa ya mtawa wa Ujerumani, Anne Catherine Emmerich. Laweza kutusaidia kuomba, ila tusilifundishe kana kwamba limeandikwa na Luka au Yohana.

Sasa tuitazame ile misalaba mitatu. Tukiondoa sauti ya filamu yoyote kati ya hizi, tutaona watu watatu wametundikwa juu ya mti wa namna moja, kwa adhabu moja, chini ya askari walewale. Kama wokovu wetu ungetokana na wingi wa maumivu, tungeshindwa kueleza kwa nini watumwa wale 6,000 hawakuokoa mtu. Aliye katikati anatambulikana kwa yale yaliyosemwa. Yeye ndiye anayeomba, “Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo.” Na mtu wa kwanza kumtambua ni mhalifu aliye kando yake, naye akiwa katika maumivu yayo hayo, asiye na muujiza wowote wa kumtegemeza, anayeukiri uovu wake mwenyewe na kusema, “Bali huyu hakutenda lo lote lisilofaa,” kisha anaomba akumbukwe katika ufalme. Anamwomba ufalme mtu anayekufa! Hakuna mwigizaji anayeweza kutuonesha alichokiona yule mhalifu, kwa kuwa kilichoonekana kwa macho kilikuwa kushindwa kutupu.

Lipo pia jambo la mahali tunapoketi. Filamu hutuweka upande wa Yesu tangu mwanzo, nasi tunawakasirikia makuhani, Pilato na askari, na hasira hiyo hutupa hisia ya kuwa wema. Zamani, huko Ulaya, Ijumaa Kuu ilikuwa siku ya hatari kwa Wayahudi, kwa sababu Wakristo waliotoka kulia juu ya mateso ya Bwana waliwageukia majirani zao. Kanisa Katoliki lilitamka wazi mwaka 1965, katika Nostra Aetate, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwamba mateso ya Kristo hayawezi kuwekwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule bila ubaguzi, wala juu ya Wayahudi wa leo. Gibson mwenyewe, pale msumari unapopigiliwa, aliuweka mkono wake mbele ya kamera uushike msumari huo, na hapo alikuwa mwaminifu kwa Isaya 53:5, aya aliyoifungulia filamu yake: “Alijeruhiwa kwa makosa yetu.”

Luka anajua kwamba kutazama kuko kwa namna nyingi. “Watu wakasimama wakitazama,” anasema katika mstari wa 35, na baadaye makutano hayohayo yanakwenda zao yakijipiga-piga vifua. Walihuzunika kweli, lakini Luka haendelei kuwafuata. Anawafuata wanawake kutoka Galilaya, waliosimama kwa mbali, wakaliona kaburi na jinsi mwili ulivyowekwa, wakarudi kutayarisha manukato na marhamu. Machozi si kipimo cha imani, na anayetazama pasipo kulia asijihukumu. Wanawake hawa walitazama mpaka wakajua la kufanya.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kuwasha filamu, mmoja katika kila nyumba asome Luka 23 yote kwa sauti, na baada ya filamu tuombe kwa maneno ya yule mhalifu, tukiwataja kwa majina watu ambao bado hatujawasamehe. Wenye watoto wadogo wachague ile filamu ya mwaka 1979 na kuiacha ya Gibson mpaka watoto wakue, kwa kuwa mtoto aliyejifunika uso kwa hofu ya mijeledi hatasikia neno lililosemwa msalabani.