Tarakimu sitini gizani

Mwaka 2024 nilinunua umeme usiku, nikapokea tokeni tatu badala ya moja, yaani tarakimu 60 za kubonyeza kwa mpangilio, huku mke wangu akinisomea kutoka kwenye simu iliyokaribia kuzima. Baadaye nilielewa sababu: mfumo wa mita hizi za kulipia kabla ulikuwa ukihesabu dakika tangu mwaka 1993, na nafasi ya kuhifadhia hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, kwa hiyo kila mita ilihitaji kuwekwa upya. Hilo nimelisamehe. Nisichosamehe ni fundi aliyefunga mita yangu nje, juu kuliko kimo changu, hata nikawa nasimama juu ya ndoo nikipapasa vitufe vilivyofutika, nikibahatisha ipi ni 5 na ipi ni 8.