Kalenda ya Vijana Niliyoipanga Mara Mbili

Mwaka wa kwanza nilipokabidhiwa kona ya vijana katika maktaba yetu huku Eastlands, Nairobi, nilipanga programu ya miezi 12 kwa jioni moja. Nilikuwa nimepata mwongozo wa maktaba za Marekani, ambako shughuli kubwa ya kusoma hufanywa Juni hadi Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Nikauchukua vivyo hivyo. Juni ilipofika nikatandika mikeka, nikabandika mabango, nikaagiza mandazi. Walikuja watoto sita, na wanne kati yao walikuwa wadogo waliofuata mandazi. Vijana wangu walikuwa wapi? Shuleni, katikati ya muhula wa pili, wengine bwenini huko Machakos na Murang'a. Julai ikaja na baridi yake, hata wale sita sikuwaona tena. Askari wa getini alikunywa chai kwa mandazi yangu siku tatu.

Desemba hiyo nilianza upya. Kabla ya kuandika chochote, nilitundika ukutani ratiba ya mihula ya Wizara ya Elimu, nikaipaka rangi: likizo kijani, mapumziko ya katikati ya muhula manjano, mitihani nyekundu. Hapo ndipo nilipoona kwamba nina makundi mawili ya vijana yasiyokutana. Wa bweni nawapata Aprili, Agosti, na kuanzia Novemba. Wa kutwa wapo mwaka mzima, lakini ni Ijumaa tu kuanzia saa kumi, maana Jumamosi kuna tuisheni, kufua, na kwa Waadventista kuna kanisa. Tena saa kumi na mbili kasorobo lazima niwaachilie. Hakuna mama wa mtaa huu atakayekubali bintiye arudi gizani kwa sababu ya hadithi.

Kosa la pili lilikuwa la neno. Bango langu lilisema "Njoo Tusome". Kwetu, kusoma hadithi ni kusoma, na kudurusu kemia pia ni kusoma. Kwa kijana wa Nairobi, ambaye nyumbani wanalala wanne chumba kimoja na maktaba ndiyo meza yake ya kujiandalia KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, maana ya pili ndiyo anayoijua. Wakaja na madaftari. Nilipoanza kusimulia, wakanitazama kama mtu anayewapigia kelele. Mmoja wa kidato cha pili akainua mkono: "Madam, kwani hii si tuisheni?" Nikang'oa bango, nikaandika jingine: "Hadithi na Chai". Wanaodurusu nikawaachia ukumbi wao wenye kimya, sisi tukahamia chumba cha nyuma. Siwalaumu hata kidogo, na baadhi yao baada ya mwezi walianza kuchungulia mlangoni.

Aprili naipa vitabu vyepesi vya kuazima, kwa sababu mvua ya masika huwafungia ndani. Mwaka 2024 mafuriko yalifanya shule zichelewe kufunguliwa hadi katikati ya Mei, na programu yangu ya majuma matatu ikawa ya majuma matano bila kupenda. Rafu ya hadithi za kutisha ilibaki tupu. Tukaanza kuandika za kwetu, na mizimu yote ikawa inapanda matatu.

Kadi za uanachama zilinisumbua zaidi ya mafuriko. Fomu ilitaka sahihi ya mzazi, na mzazi yuko kazini tangu alfajiri hadi usiku. Nikatenga sanduku la vitabu 60 vya msaada, visivyo na kadi wala faini: chukua, rudisha ukimaliza. Vimepotea 14 mpaka sasa. Mkubwa wangu alinuna. Mimi nadhani kitabu kilichopotea kwenye nyumba ya mtu bado kinasomwa.

Agosti ni maigizo. Nilikuwa nimeapa kutogusa vitabu vya fasihi vya mtihani, lakini wa kidato cha tatu wenyewe waliniomba waigize tamthilia yao. Ilikuwa likizo iliyojaa kuliko zote.

Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, huangukia ndani ya muhula, kwa hiyo siwangoji vijana waje. Tunafunga sanduku kwenye bodaboda, tunalipeleka shule ya kutwa iliyo jirani.

Novemba ndiyo hazina. Wanaomaliza kidato cha nne wana miezi bila la kufanya, na ukiwapa beji na funguo za kabati wanakuwa watu wengine. Wao ndio huwasomea wa Gredi ya 7 hadi ya 9, na hupendekeza vitabu kwa lugha ambayo mimi siwezi: "Hiki ni moto, madam hajui tu." Ila lazima tumalize kabla ya katikati ya Desemba, maana baada ya hapo nusu yao wako kwenye basi la kwenda ushago, yaani kijijini.

Kalenda ya mwaka ujao iko ukutani sasa. Kamati ya vijana iliipitia Ijumaa. Kwenye Agosti nilikuwa nimeandika "Mashairi ya Arudhi", yale ya vina na mizani; mtu amepiga mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika kando, kwa adabu: "Madam, tafadhali."