Propela inasugua baada ya kuinua gari? Anza na urefu wa shokapu

Springi mpya zimefungwa, shokapu mpya zimefungwa, gari limesimama vizuri na kwenye barabara laini halina kelele. Likiruka tuta au tairi moja likizama shimoni, chini inasikika "grrr" fupi, kisha kimya. Hapo wengi hukimbilia kubadilisha krosi (viungo vinavyopinda vya ncha za propela), wakati krosi mara nyingi hazina kosa lolote. Ekseli ikining'inia, propela, yaani shafti ndefu inayozunguka kupeleka nguvu kwenye ekseli, inafika mahali ambapo kiwandani haikupangiwa kufika.

Springi ndiyo inayoamua gari lisimame kimo gani. Ekseli ishuke hadi wapi, hilo linaamuliwa na shokapu. Ukifunga springi za kuinua milimita 50 pamoja na shokapu ambazo zikinyooka ni ndefu kwa milimita 80 kuliko za zamani, gari likiwa chini utaona 50 tu. Likining'inia, ekseli inashuka karibu 80 zaidi ya zamani na propela inaifuata, hadi ikutane na boriti ya chesisi au bomba la ekzosi. Jeep Wrangler JK za injini ya lita 3.6, kuanzia 2012, zinajulikana kwa hili: zikiinuliwa, propela ya mbele hulifikia bomba la ekzosi linalokatiza chini ya injini.

Usikate chuma kabla ya kusoma alama. Mng'aro unaozunguka propela nzima kama pete, na kidonda kimoja kwenye chesisi, maana yake propela iligusa ikizunguka. Alama ikiwa upande mmoja tu wa propela, shuku kwamba imepinda au imepoteza balansi, na hapo saspensheni unaisingizia.

Kipimo kinafanywa hivi. Weka stendi chini ya chesisi, si chini ya ekseli, ili magurudumu yaning'inie kabisa; yanayobaki chini yawekee vigingi. Weka nyutro, na kwenye gari la foo-wili transfa (gia inayogawa nguvu mbele na nyuma) nayo iwe nyutro. Zungusha propela kwa mkono mzunguko mzima huku ukichungulia kwa tochi. Kisha pandisha gurudumu moja kwa jeki hadi ligote kwenye raba ya kuzuia ekseli isigonge chesisi, lingine likining'inia, maana kuna propela zinazopita salama ekseli ikishuka sawasawa na kugusa ikilala upande. Panaposhukiwa, bandika udongo laini wa kuchezea watoto, unene wa milimita 15, uzungushe, halafu upime uliobaki. Chini ya milimita 10 mimi sipitishi: injini hujitikisa kwenye mauntini zake, na nafasi unayoiona gari likiwa limezimwa hupungua ukikanyaga mafuta.

Dawa ya kwanza ni kupunguza mshuko: shokapu za urefu sahihi, au mikanda ya kuzuia ekseli iliyofungwa ikaze kabla shokapu haijanyooka yote. Ni rahisi na haigusi kitu kingine. Ikiwa kinachogusana ni ekzosi, sogeza ekzosi kwa spesa (kipande cha kuongeza nafasi) au bomba lipindishwe upya. Kukata boriti ni mwisho kabisa, na ukikata, chomelea bati la kuimarisha.

Spesa ya flanji ya propela (sahani ya bolti inayoifunga) huuzwa sana kama tiba ya kila kitu. Inaongeza urefu tu. Nafasi wala pembe haitibu. Inafaa pale ambapo meno ya kuteleza (sehemu ya propela inayorefuka na kufupika) yamevutika nje kupita kiasi. Kujua meno yanaingia ndani kiasi gani, funga kamba ya plastiki ya kufungia waya kwenye meno, isukume hadi kwenye sili, endesha kwenye mabonde, kisha rudi upime ilivyosukumwa. Na springi zikiwa zimetolewa, pandisha ekseli hadi kwenye raba uhakikishe propela haigoti mwisho wake, kwa sababu ikigota inaisukuma beringi ya transfa.

Propela ya krosi moja kila upande inataka pembe ya difu (gia iliyo katikati ya ekseli) na ya transfa zilingane, tofauti isizidi digrii 1 hivi. Yenye krosi mbili upande wa transfa inataka difu ielekee kwenye propela yenyewe. Ukichanganya kanuni hizi, unaondoa msuguano na kubaki na mtetemo. Kabla ya kufungua flanji chora mstari wa rangi upite pande zote mbili, na ukirudisha meno hakikisha uma za krosi ziko kwenye mstari mmoja.

Gari lenye draivshafti za mbele (shafti fupi zinazozungusha magurudumu ya mbele) mambo yake ni mengine. Likiinuliwa, angalia mikunjo ya raba ya sivijointi (kiungo kinachopinda cha draivshafti), usukani ukikatwa hadi mwisho pande zote: mikunjo ikisuguana, raba itapasuka na grisi itamwagika. Kushusha difu milimita 25 kwa spesa hupunguza pembe, ila unapoteza kimo kile kile chini ya difu. Gari likishushwa, mara nyingi kinachogonga draivshafti ni fimbo ya stebilaiza, na rodi fupi zinazorekebishika humaliza kazi.