Sare mpya kazini

Leo asubuhi tumekabidhiwa sare mpya kazini: shati la samawati lenye nembo ya kampuni upande wa kushoto wa kifua na, chini yake, jina la kila mmoja wetu.

Awali kila mtu alivaa nguo zake, na mteja aliyeingia alilazimika kutazama huku na kule kabla ya kujua amuulize nani.

Leo mama mmoja mtu mzima amenijia moja kwa moja, akasoma jina langu kifuani, akaniita kwa jina hilo na kunieleza shida yake bila kusita, kana kwamba tunafahamiana tangu zamani. Nimefurahi mno.

Nembo yenyewe imetariziwa kwa uzi, haikuchapishwa kwa rangi, hivyo haitabanduka upesi kwa kufuliwa mara kwa mara. Kitambaa nacho ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, ambao hukauka haraka na haujikunji sana. Wenzetu wa ghalani wamepewa vizibao vyenye mistari inayoakisi mwanga, ili madereva wa mashine za kuinulia mizigo wawaone hata penye giza.

Meneja na mfanya usafi wamevaa shati lilelile, na hakuna tena anayechakaza nguo zake kazini. Naamini kwa dhati kwamba gharama hii ni ya mwajiri, isikatwe kwenye mshahara wa mtu.

Ndugu na marafiki, ninyi je, kazini kwenu mnavaa sare? Wateja wanawapokeaje?