Sampuli Namba 17

Nilikuwa mwaka wa pili wa uzamivu, na kazi yangu ilikuwa kupima vitu viwili tu kwenye damu: triptofani, asidi amino tunayoipata kwenye chakula, na kinurenini inayotokana nayo. Tulikuwa tukilinganisha wagonjwa wa sonona na watu wazima wa afya. Wagonjwa hawakutusumbua kuwapata. Taabu ilikuwa kupata wazima. Basi sisi wa maabara tukakunja mikono ya mashati, fundi wetu akatutoa damu, akabandika namba kwenye chupa na kulifungia daftari la majina kabatini mwake.

Siku ile koo lilikuwa likiniwasha na viungo vikiuma. Kwenye fomu palikuwa na swali: una homa au mafua? Nikaweka alama kwenye "hapana". Tulikuwa pungufu ya watu, na nilijiona mzima wa kutosha. Kesho yake homa ikanilaza siku nne.

Wiki kadhaa baadaye nikaanza kuzipitisha sampuli kwenye mashine ya kromatografia, inayotenganisha kemikali moja moja. Ni kazi ya kuchosha: unatazama mstari ulionyooka kwenye skrini, dakika zinakwenda, halafu mstari unapanda na kushuka. Kinurenini hutangulia, kichuguu tu, ukipepesa macho kimekupita. Triptofani hufuata, nayo ni mlima. Kwa mtu mwenye afya triptofani huizidi kinurenini kama mara thelathini hivi.

Namba 17 ikaja na kichuguu kisichohitaji kutafutwa. Nikapiga hesabu, uwiano wa kinurenini kwa triptofani ukawa karibu mara mbili ya wenzake. Nikasafisha mashine, nikarudia. Vilevile. Nikatoa chupa nyingine ya namba hiyohiyo kwenye friza, nikaanza upya. Vilevile. Nakiri, nilishaandika kwa penseli "sampuli imeharibika" na kugeuza ukurasa.

Fundi wetu, mama aliyeijua ile mashine kuliko profesa, alisimama nyuma yangu akasoma.

"Imeharibikaje, mwanangu?"

"Haifanani na nyingine, mama."

Alikwenda kabatini, akarudi na daftari, akaweka kidole kwenye mstari. Jina langu. Pembeni, kwa mwandiko wake mdogo: "mikono ya moto".

Nilinyamaza. Utangulizi wa tasnifu yangu ulikuwa na mchoro wa jambo hilihili, niliouchora mwenyewe kwa mishale mizuri ya rangi. Virusi vikiingia, seli za kinga hutoa intaferoni gama, protini ya kupeana taarifa. Hiyo huamsha kimeng'enya kiitwacho IDO, nacho huikata triptofani kuelekea kwenye kinurenini. Vijidudu vinavyoihitaji hupungukiwa chakula, na seli T, askari wa kinga, hutulizwa zisipitilize hasira. Lakini kinurenini hupenya hadi kwenye ubongo. Huko mikroglia, seli za kinga za ubongo, huweza kuigeuza kuwa asidi ya kwinolini, inayozichokoza seli za neva, wakati astrosaiti, seli zinazozihudumia neva, hutengeneza asidi ya kinureni, inayozituliza. (Watu hupenda kusema triptofani ni serotonini, na serotonini ni furaha. Sehemu inayokwenda kwenye serotonini ni ndogo mno. Zaidi ya asilimia 90 ya triptofani inayovunjwa hupita njia ya kinurenini.)

Nikakumbuka zile siku nne. Homa niliitarajia. Sikutarajia kugeukia ukutani, kuacha simu iite mpaka ikatike, na kuamini kwa dhati kwamba utafiti wangu hauna maana na sitaumaliza. Chupa moja ya damu haithibitishi chochote, hilo ningemwambia mwanafunzi yeyote. Hata hivyo nilikaa mbele ya kile kichuguu muda mrefu.

"Futa hayo ya penseli," mama akasema. "Andika kwa wino: aliyetolewa damu alikuwa mgonjwa na hakusema. Weka sahihi."

Nikaandika. Profesa hakunigombeza sana, ila aliagiza damu zote za wazima zipimwe pia CRP, ile protini inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi. Nayo ikamuumbua mwenzangu mmoja.

Mwezi uliofuata nilitoa damu tena, nikiwa mzima kweli, baada ya mama kunishika viganja kwanza. Safari hii aliniambia namba: 41. Ilipofika zamu yake kwenye mashine, ilinibidi nisogeze uso hadi karibu na skrini ndipo nikakiona kichuguu.